Ulinganisho wa Vipimo vya Korona ya Jua: Kupatwa kwa Jua Ardhini na Koronagrafu za Anga za Juu

Ikisiri

Makala hii inalinganisha njia mbili za kupima korona ya Jua: vipimo vya ardhini vinavyofanywa wakati Jua linapopatwa kikamilifu, na vipimo vya koronagrafu na darubini za urujuanimno zilizo katika anga za juu. Inajengwa hoja kwamba thamani ya ulinganisho huu haitokani na kulingana kwa matokeo peke yake, bali na uhuru wa usanifishaji wa kila chombo. Makala inaonyesha kwamba tofauti kati ya njia hizi zina sababu zisizo sawa kulingana na umbali kutoka ukingo wa Jua: karibu na ukingo tofauti hutokana zaidi na fizikia ya korona yenyewe, katikati hutokana na pengo la vyombo, na mbali hutokana na mwanga wa vumbi na wa anga. Mtafiti asiyetenganisha maeneo haya matatu huweza kuichukua kasoro ya chombo kuwa ugunduzi, au kuufuta ugunduzi akidhani ni kasoro ya chombo.

1.0 Utangulizi

Korona ni tabaka la nje la angahewa ya Jua. Halijoto yake hupita kelvini milioni moja, ilhali uso ung'aao wa Jua ulio chini yake una takribani kelvini 5,800 tu. Pamoja na joto hilo, korona ni hafifu mno. Karibu na ukingo wa Jua mng'ao wake ni takribani sehemu moja kwa milioni ya mng'ao wa uso wa Jua, na hupungua haraka kadiri mtazamaji anavyoangalia mbali na ukingo. Anga la mchana la kawaida hung'aa kuliko korona mara nyingi. Ndiyo maana kwa karne nyingi korona ilionekana tu katika dakika chache ambapo Mwezi uliufunika uso wote wa Jua.

Njia hiyo ya kale ndiyo iliyozaa maarifa ya msingi. Katika kupatwa kwa Jua kwa tarehe 7 Agosti 1869, Charles Young na William Harkness waliona mstari wa kijani katika spektra ya korona, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 530.3, usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Kwa miongo kadhaa mstari huo ulihusishwa na elementi ya kubuni iliyoitwa koronia. Kazi ya Walter Grotrian mwaka 1939 na ya Bengt Edlén iliyofuata mapema katika miaka ya 1940 ilibainisha kwamba mistari ya korona hutolewa na chuma kilichopoteza elektroni nyingi. Mstari wa kijani ni wa chuma kilichopoteza elektroni 13. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba korona ina joto kali kupita ilivyodhaniwa.

Hatua mbili zilipunguza utegemezi wa kupatwa kwa Jua. Ya kwanza ni koronagrafu ya Bernard Lyot, iliyotumika katika kilele cha Pic du Midi nchini Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ya pili ni kupelekwa kwa koronagrafu katika anga za juu, ambako hakuna hewa ya kutawanya mwanga. Kutokana na hatua hizo huulizwa: je, vipimo vya kupatwa kwa Jua bado vina kazi ya kisayansi, au vimebaki kuwa kumbukumbu ya historia? Swali hili si la nadharia tupu. Msongamano wa elektroni katika korona ya chini huingizwa kama sharti la mwanzo katika modeli za upepo wa Jua, na modeli hizo hutumika kukadiria dhoruba zinazoathiri setelaiti, mawasiliano ya redio na gridi za umeme. Kosa katika msongamano huo hurithiwa na hesabu zote zinazofuata.

2.0 Kinachopimwa

Ulinganisho wowote hauna budi kuanza kwa kubainisha kinachopimwa, kwa kuwa jina moja la korona hujumuisha nuru za asili tatu. Ya kwanza ni korona K, ambayo ni mwanga wa uso wa Jua uliotawanywa na elektroni huru. Mitetemo ya mwanga huo huelekea zaidi upande mmoja, sambamba na ukingo wa Jua, hali inayoitwa polaraizesheni. Ya pili ni korona F, yaani mwanga uliotawanywa na chembe za vumbi zilizo kati ya Jua na Dunia. Hii si sehemu ya angahewa ya Jua, bali huonekana tu katika mwelekeo huohuo. Ya tatu ni korona E, ambayo ni mwanga unaotolewa na ioni zenyewe katika mistari maalumu, kama ule wa kijani uliotajwa hapo juu na ule mwekundu wa nanomita 637.4.

Mng'ao wa korona K hulingana moja kwa moja na idadi ya elektroni zilizo katika mstari wa kuonea. Kwa sababu hiyo mng'ao wenye polaraizesheni ukipimwa kwa usahihi, msongamano wa elektroni hukokotolewa bila kuhitaji kujua halijoto wala mchanganyiko wa elementi. Njia ya ukokotoaji iliyowekwa na van de Hulst mwaka 1950 bado ni msingi wa kazi nyingi za aina hii. Njia hiyo huchukulia kwamba vumbi halichangii polaraizesheni. Dhana hiyo inakubalika karibu na Jua, lakini hudhoofika kadiri umbali unavyoongezeka.

Darubini za urujuanimno hupima kitu kingine. Ioni husisimuliwa kwa kugongwa na elektroni, hivyo mng'ao hulingana na mraba wa msongamano. Kipimo hicho hutegemea pia halijoto na wingi wa elementi husika. Kwa hiyo picha ya urujuanimno na picha ya mwanga mweupe, hata zikichukuliwa katika sekunde ileile, si picha mbili za kitu kimoja.

3.0 Uwezo na mipaka ya vipimo vya ardhini

Wakati wa kupatwa kikamilifu, kizuizi cha mwanga ni Mwezi, ulio umbali wa takribani kilomita 384,000. Umbali huo una faida mbili. Kwanza, Mwezi unazuia mwanga kabla haujaingia katika hewa, hivyo hewa iliyo juu ya mtazamaji nayo imo kivulini. Pili, kupinda kwa mwanga kwenye ukingo wa kizuizi, yaani difraksheni, ambako ni adui mkubwa wa koronagrafu, hakuna athari ya maana kwa kizuizi kilicho mbali kiasi hicho. Matokeo yake ni kwamba korona huonekana mfululizo kuanzia ukingo wa Jua hadi nusukipenyo kadhaa vya Jua katika picha za chombo kimoja.

Faida ya tatu haitajwi mara nyingi. Chombo cha ardhini hurudi maabara. Vichujio vyake vinaweza kupimwa kabla na baada ya tukio, na uso wa Jua wenyewe unaweza kupigwa picha kwa chombo hichohicho kupitia kichujio kizito kinachojulikana kiwango chake. Kwa kuwa nishati yote ya Jua hubadilika kwa takribani asilimia 0.1 tu katika mzunguko wa miaka 11, uso huo ni kipimo thabiti kinachowezesha kulinganisha matukio yaliyopishana kwa miongo.

Mipaka yake nayo iko wazi. Kupatwa kikamilifu hakuzidi dakika saba na nusu mahali pamoja, na kwa kawaida ni kufupi zaidi. Katika tukio la 21 Agosti 2017 nchini Marekani muda mrefu zaidi ulikuwa takribani dakika 2 na sekunde 40. Wingu moja linaweza kuharibu maandalizi ya miaka. Aidha, anga halizimiki kabisa: mwanga unaotoka nje ya kivuli huendelea kulifikia. Kiasi cha mwanga huo hukadiriwa kwa kupima mng'ao unaoonekana juu ya uso wa giza wa Mwezi, ambako korona haiwezi kuwapo. Hata hivyo uso huo hupokea pia mwanga unaoakisiwa na Dunia, hivyo makadirio hayo yana kiwango chake cha shaka.

Uzito wa shaka hiyo hutegemea umbali. Ikichukuliwa kwamba mwanga wa anga umekosewa kwa sehemu mbili kwa bilioni kumi za mng'ao wa uso wa Jua, basi pale korona K ilipo na mng'ao wa sehemu moja kwa milioni kumi, kosa ni asilimia 0.2 tu. Pale korona K iliposhuka hadi sehemu moja kwa bilioni, kosa lilelile ni asilimia 20. Mbali zaidi, ambako korona K ni sehemu moja kwa bilioni kumi, kosa ni mara mbili ya kinachopimwa. Hivyo kauli ya jumla kwamba kipimo cha kupatwa kwa Jua ni sahihi au si sahihi haina maana isipotaja umbali.

4.0 Uwezo na mipaka ya vipimo vya anga za juu

Setelaiti huleta kile ambacho kupatwa kwa Jua hakuwezi kuleta, nacho ni mwendelezo wa wakati. SOHO, iliyorushwa tarehe 2 Desemba 1995 na kuwekwa takribani kilomita milioni 1.5 kutoka Dunia kuelekea Jua, ilibeba koronagrafu tatu za LASCO. C1 ilikusudiwa kuona nusukipenyo 1.1 hadi 3 kutoka kitovu cha Jua, C2 kuanzia takribani 2 hadi 6, na C3 kuanzia 3.7 hadi 30. Kwa picha za namna hii, mitupo ya maada ya korona inaweza kufuatiliwa tangu inapochomoza hadi inapotoka kabisa katika eneo la kuonea.

Hata hivyo koronagrafu ya anga za juu hubeba kizuizi chake ndani ya chombo kimoja. Umbali kati ya kizuizi na lenzi ukiwa mfupi, difraksheni huwa kubwa, na mbunifu hulazimika kutumia kisahani kinachofunika eneo kubwa kuliko Jua lenyewe. Sehemu ya korona iliyo muhimu zaidi, ambamo upepo wa Jua huanza kuongeza kasi, hubaki nyuma ya kisahani. Karibu na ukingo wa kisahani hicho, mwanga wa korona wenyewe huzibwa kwa sehemu na uwezo wa kupambanua hushuka. Vipimo vya hapo huhitaji marekebisho makubwa, na ni hapo hasa ambapo hulinganishwa na vya kupatwa kwa Jua.

Darubini za urujuanimno huziba sehemu ya chini. Chombo cha AIA kilicho katika setelaiti ya SDO, iliyorushwa Februari 2010, huona hadi takribani nusukipenyo 1.3. Kati ya hapo na nusukipenyo 2 hivi hubaki pengo. Hali hiyo ilidhihirika katika SOHO yenyewe: mawasiliano na chombo yalikatika Juni 1998, na chombo kilipookolewa, C1 haikufanya kazi tena. Katika kupatwa kwa Jua kwa tarehe 26 Februari 1998, C1 bado ilikuwapo. Katika tukio la 11 Agosti 1999 haikuwapo, na picha za ardhini ndizo zilizounganisha korona ya urujuanimno na ile ya C2.

Tatizo jingine ni uchakavu. Vipokezi vya urujuanimno hupoteza usikivu kadiri miaka inavyopita, na haviwezi kurudishwa maabara. Kwa SDO, roketi ndogo zenye vyombo vilivyosanifishwa upya zimetumika kupima Jua kwa muda mfupi ili kusahihisha usomaji wa setelaiti. Koronagrafu husanifishwa kwa nyota zinazopita katika eneo la kuonea.

5.0 Masharti ya ulinganisho halali

Kutokana na yaliyoelezwa, ulinganisho unahitaji masharti manne. La kwanza ni jiometri. Chombo kilicho kilomita milioni 1.5 karibu zaidi na Jua huliona likiwa kubwa kwa asilimia moja hivi, na picha zisiporekebishwa, miundo haikai mahali pamoja. Nyota husaidia kuweka picha sawa. Mwaka 2017, kwa mfano, nyota ya Regulus ilikuwa karibu na Jua. Vyombo vinavyotazama kutoka pembe tofauti, kama vile jozi ya STEREO iliyorushwa mwaka 2006, haviwezi kulinganishwa moja kwa moja na picha ya kutoka Dunia, kwa kuwa mstari wa kuonea ni mwingine.

La pili ni wakati. Mtupo wa maada wenye kasi ya kilomita 400 kwa sekunde husafiri kilomita 288,000 kwa dakika 12, ambazo ni zaidi ya theluthi moja ya nusukipenyo cha Jua. Picha mbili zilizopishana kwa muda huo zinaweza kutofautiana bila chombo chochote kuwa na kosa. La tatu ni rangi: kichujio kipana kinachoruhusu mstari wa kijani huongeza korona E katika kipimo kinachodaiwa kuwa cha korona K.

La nne, ambalo hukiukwa kwa urahisi zaidi, ni uhuru wa usanifishaji. Ni kawaida kuzidisha mng'ao wa picha ya kupatwa kwa Jua kwa kigezo kinachoifanya ilingane na C2 katika umbali fulani, tuseme nusukipenyo 2.5, ili kupata picha moja isiyo na mshono. Kwa kusudi la kuonyesha miundo, utaratibu huo haudhuru. Kwa kusudi la kupima, huua ulinganisho: uwiano katika nusukipenyo 2.5 umekuwa moja kwa amri ya mtafiti, si kwa ushahidi wa maumbile. Kinachobaki kulinganishwa ni umbo la mteremko wa mng'ao tu, wala si kiwango chake. Tasnifu inayotumia picha iliyounganishwa hivyo kisha ikadai kwamba njia mbili zimethibitishana huzunguka katika hoja yake yenyewe.

6.0 Mfano wa 30 Juni 1973

Kupatwa kwa Jua kwa tarehe 30 Juni 1973 kunafaa kama mfano, kwa kuwa kulikutanisha njia kadhaa katika siku moja. Kivuli cha Mwezi kilivuka Bara la Afrika kutoka magharibi hadi mashariki. Ndege ya Concorde ilikifuata kutoka Las Palmas kuelekea Chad na kukaa ndani yake kwa dakika 74, muda usiowezekana kwa mtazamaji aliyesimama ardhini. Kaskazini mwa Kenya, huko Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, wanasayansi wa Marekani walipiga picha kwa kamera yenye kichujio ambacho uzito wake hupungua kutoka katikati kwenda nje. Kichujio hicho, kilichotumiwa na Gordon Newkirk nchini Bolivia mwaka 1966, huwezesha filamu moja kurekodi korona ya ndani iliyo angavu na ya nje iliyo hafifu kwa pamoja.

Wakati huohuo kituo cha Skylab kilikuwa katika obiti kikiwa na koronagrafu ya mwanga mweupe iliyoona nusukipenyo 1.5 hadi 6, pamoja na darubini za eksirei. Wafanyakazi wa kwanza walikuwa wameondoka siku nane kabla, na wa pili hawakuwa wamefika. Kipindi cha Skylab ndicho kilichoimarisha uelewa kwamba matundu ya korona ni chimbuko la upepo wa Jua wenye kasi.

Mgawanyo wa kazi unaonekana dhahiri. Kituo cha angani kilieleza jinsi korona ilivyobadilika kwa miezi. Picha ya Loiyangalani ilieleza dakika chache tu, lakini iliunganisha ukingo wa Jua na michirizi ya nje bila kukatizwa na kisahani. Anayetaka kujua muundo fulani wa nusukipenyo 3 umetia mizizi wapi juu ya Jua huhitaji picha ya namna hiyo. Anayetaka kujua muundo huo ulidumu siku ngapi huhitaji ile ya angani.

7.0 Maeneo matatu ya tofauti

Eneo la kwanza ni kutoka ukingoni hadi nusukipenyo 1.3. Hapa kupatwa kwa Jua hulinganishwa na urujuanimno, na tofauti inaweza kuwa habari yenyewe. Ikichukuliwa kwamba maada imejaza robo tu ya ujazo unaoonekana, katika nyuzi zenye msongamano mmoja, mwanga mweupe utatoa wastani ambao ni robo ya msongamano huo. Urujuanimno, unaofuata mraba, utatoa thamani ambayo ni nusu yake. Vipimo viwili sahihi vitatofautiana mara mbili, na uwiano wao utaeleza kiasi cha ujazo kilichojaa. Hata hivyo hitimisho hilo ni halali tu ikiwa usanifishaji, halijoto na wingi wa elementi vimedhibitiwa. La sivyo, kipokezi kilichochakaa kitahesabiwa kuwa sifa ya korona.

Eneo la pili, kati ya nusukipenyo 1.3 na 2 hivi, ndilo ambalo vipimo vya kupatwa kwa Jua vina uzito wa pekee. Mistari inayoonekana ya chuma ina faida ya ziada hapa: ioni zake husisimuliwa pia na mwanga wa uso wa Jua, si kwa migongano tu, hivyo mng'ao wake hupungua polepole kuliko ule wa urujuanimno na kupimika mbali zaidi.

Eneo la tatu huanza takribani nusukipenyo 3. Huko korona F huizidi korona K, na mwanga wa anga la Dunia hauwezi kupuuzwa. Vipimo vya angani ndivyo vinavyopaswa kuaminiwa zaidi, na tofauti inayojitokeza ihesabiwe kwanza kuwa ya mwanga wa ziada kabla ya kutafutiwa maelezo ya kifizikia.

8.0 Mwelekeo wa sasa na hitimisho

Vyombo vipya vinajaribu kuiga Mwezi. Wazo hilo lilijaribiwa Julai 1975, chombo cha Apollo kilipozuia Jua ili wanaanga wa Soyuz wapige picha za korona. PROBA-3, iliyorushwa kutoka India tarehe 5 Desemba 2024, ni setelaiti mbili zinazoruka kwa mpangilio zikiwa zimeachana takribani mita 144. Moja ina kisahani chenye kipenyo cha mita 1.4, nyingine ina darubini. Kisahani cha mita 1.4 kikitazamwa kutoka mita 144 huonekana na upana wa takribani dakika 33 za pembe, ilhali Jua lina dakika 32. Ukaribu huo ndio unaowezesha kuona kuanzia nusukipenyo 1.1 kwa saa kadhaa katika kila mzunguko.

Maendeleo haya yanabadilisha kazi ya kupatwa kwa Jua bila kuiondoa. Pengo la kati likizibwa na PROBA-3, vipimo vya ardhini havitahitajika tena kama njia pekee ya kuliona eneo hilo, bali vitahitajika kama shahidi asiyetegemea chombo kilicho angani. Kupatwa kwa Jua kwa tarehe 2 Agosti 2027, kutakakopita kaskazini mwa Afrika na Bara Arabu na kuzidi dakika sita karibu na Luxor, ni nafasi ya kuutumia utaratibu huo. Ushahidi wake utakuwa na uzito endapo viwango vya mng'ao vya ardhini vitakokotolewa na kuwekwa wazi kabla ya kulinganishwa na vya setelaiti, na endapo tofauti zitaripotiwa kwa kila eneo la umbali badala ya kuunganishwa katika wastani mmoja.